Alifunga Jeraha Kwanza
Soma: Luka 10:30-35

Wapendwa, hebu tazameni mstari wa 34. Msamaria alifunga majeraha pale pale barabarani. Kumpandisha juu ya mnyama wake kulifuata baadaye. Sisi ajali ikitokea, tunamshika majeruhi mikono na miguu, tunamsukuma ndani ya Probox, mbio hospitali! Damu inamwagika njia nzima, na kama shingo imeumia, tumemzidishia.

Wenzetu wanaojitolea Msalaba Mwekundu hufundishwa vingine (na tusiwanung'unikie wakikosa mazoezi ya kwaya kwa ajili ya zamu). Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, hata leso. Usikiinue kuchungulia, kikilowa, ongeza kingine juu. Msimhamishe ila kukiwa na hatari kama moto. Mwingine apige 999.

Geukia jirani yako sasa, mkubaliane: nani atabonyeza, nani atapiga simu?