Adabu za Mwanafunzi Katika Majlisi za Ilimu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ama baad: katika Miyuji, upande wa kaskazini wa mji wa Dodoma, kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1980. Miongoni mwa wasomao humo wamo vijana wa Kiislamu waliopanda bara kutoka pwani. Baadhi ya vijana hudhani kwamba adabu walizofundishwa utotoni mbele ya msahafu ni za majlisi ya dini tu, wala mhadhara wa hisabu hauna heshima hiyo. Dhana hii si sahihi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Ihyaa amezihesabu hisabu na utabibu kuwa ni fardhi za kifaya: mji ukikosa mtu azijuaye, watu wake wote hupata dhambi. Basi aketiye kujifunza kwa nia njema huwaondolea wenziwe mzigo huo. Wala dini ya mwalimu haiondoi haki yake. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Makka waliokosa mali walijikomboa kwa kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari.

Adabu ya kwanza: kuingia. Watu watatu walitokea katika majlisi ya Mtume (s.a.w.). Mmoja aliona nafasi katika duara akaketi. Wa pili aliona haya akaketi nyuma. Wa tatu akageuka akaenda zake, naye Mungu akampa mgongo. Aliyechelewa na aingie kwa utulivu, aketi palipo wazi, asiruke mabega ya watu. Na aliyetangulia na amsogelee mwenziwe ili ampe nafasi.

Adabu ya pili: kusikiliza. Imepokewa kwamba Imamu Shafi mbele ya mwalimu wake Imamu Malik alikuwa akifunua ukurasa polepole, ili Malik asisikie sauti yake. Ikiwa sauti ya karatasi ilichungwa hivyo, yasemwe nini juu ya simu iliayo katikati ya darasa?

Adabu ya tatu: kuuliza. Nabii Musa, juu ya daraja yake, aliwekewa sharti ya kungoja mpaka aelezwe. Mwanafunzi na aulize ili afahamu, baada ya mwalimu kutimiza maneno yake, wala asiulize ili kumtahayarisha.

Adabu ya nne: sala. Katika madhehebu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekwisha. Basi mwanafunzi wa pwani akaaye Miyuji miezi mingi hana ruhusa ya kupunguza sala, wala ya kukusanya kwa sababu ya darasa, na Ijumaa ni wajibu juu yake. Mhadhara ukigongana na sala ya Ijumaa, atake ruhusa mapema kwa maneno ya upole, asingoje kuinuka kwa kishindo mwalimu akisema.

Adabu ya tano, nayo ndiyo nzito: sahihi. Katika vyuo vingi hupitishwa karatasi ya mahudhurio, na wako wamtiliao sahihi rafiki aliyelala, wakaita jambo hili wema. Kutia sahihi ni kushuhudia, na kushuhudia lisilokuwapo ni uongo. Mwandikaji ameongopa, na aliyeandikiwa, ikiwa ameridhia, ni mshirika wake. Wala madhara yake hayaishi darasani. Kesho kijana huyu hutumwa kupanga kisima cha kijiji, asiijue hesabu aliyoikimbia. Maji yakikosekana, hulipa mama mwenye ndoo kichwani. Amtakiaye rafiki kheri na amgonge mlango alfajiri, wasali pamoja, kisha waende darasani pamoja.

Khatima: mwalimu huona viti, na karatasi huona majina, bali Mwenyezi Mungu huona nani amehudhuria kwa moyo wake. Ilimu ni amana. Haipokewi kwa sahihi ya mtu mwingine. Wallahu aalam.