Dondoo muhimu: Simu, kijana na hasira zake

Likizo ikifika, wanafunzi wa bweni hurejea Njombe na Makambako na kukesha na simu. Mzazi, zingatia haya:

• Saa tatu usiku simu zote, yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiukosa, hasira huwa karibu.

• Akitukanwa kwenye grupu la WhatsApp, asijibu papo hapo. Aweke simu chini, akachote maji au akoke moto, ndipo aamue.

• Akinuna baada ya kutazama TikTok, muulize ameona nini. Usimfokee.

• Akijitenga au kususa chakula kwa siku kadhaa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Mzazi, msikilize mwanao kabla hujamnyang'anya simu.