Mashine ya kutafuta samaki: tununue gani?

Ndugu wavuvi wa Lualaba, Kasongo, na wa Luama, Kabambare: mashine hii inatuma sauti majini, ikigonga kitu, inarudi. Zile za bei kali ni za kina kirefu. Kwa mto, ndogo inatosha. Koperative inunue moja tu.

1. Kartoni iandikwe 200 kHz. Batri ya volti 12, kama ya pikipiki, inafaa.
2. Kichwa chake mukifunge kwenye kijiti pembeni ya mtumbwi, kizame, mbali na motere. Mapovu yanazuia sauti.
3. Alama ya samaki inaweza kuwa tawi. Musiitegemee.
4. Tafuteni kwanza mashimo ya mto. Kiangazi samaki wanakimbilia mule. Shimo moja muliache bila nyavu: ndiyo mbegu ya mwaka kesho.