Kuvua samaki Sake: jihadhari na mazuku



Ni kiangazi, siku ya mapumziko, na wewe na rafiki mmeshuka Sake kuvua samaki katika ghuba ya Kabuno. Alfajiri kando ya Ziwa Kivu baridi inauma, zaidi kwa sisi tuliozoea joto la msitu wa Walikale. Mtu akisikia baridi hutafuta kibonde kisicho na upepo, ajikunyate humo akingoja jua. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kati ya mawe ya volkano, gazi kaboniki hutoka ardhini. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, basi hulala kibondeni kama maji ndani ya beseni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Ikipita sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu huzimia kwa dakika chache.

Mkiona majani yamekauka kibondeni, au ndege na panya waliokufa, pandeni juu. Msitegemee taa: yaweza kuwaka bado huku kichwa kinazunguka. Nawe mama, gazi inayofika magotini pako yaweza kufunika pua ya mtoto aliyeketi chini.

Rafiki akianguka humo, usimfuate. Najua ni neno gumu. Lakini ukiinama kumbeba, pua yako inaingia palepale pake, na watazikwa wawili. Simama juu, piga kelele, mvute kwa kamba kama unaweza kumnasa. Akifika penye hewa safi na hapumui, mpulizie hewa mdomoni bila kuacha, na mwingine akimbie kuita muganga.