Chachu, Chapati na Matembezi ya Jumatatu ya Pasaka

SOMO LA JUMA

Maandiko ya kusoma: Kutoka 12:8-39, Kutoka 13:3-10, Warumi 14:1-21, 1 Wakorintho 5:6-8, Wagalatia 2:11-14



Kama mlivyotangaziwa, vijana wetu na watoto wa shule ya Jumapili wana matembezi Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 2026. Asubuhi tunavuka feri Likoni mpaka Nyali, kule Wild Waters, watoto wakateleze kwenye yale mabomba ya maji, na jioni turudi Ukunda. Ni jambo jema, na wengi wamelingoja tangu Januari.

Lakini kuna neno limezuka. Tangu tumalize mafundisho ya kitabu cha Kutoka, baadhi ya nyumba zetu zimekata shauri kukaa siku saba bila chachu, ili watoto waone kwa macho yale tuliyosoma. Hakuna aliyewaagiza, ni moyo wao tu. Mwaka huu Pasaka ya Wayahudi inaanza jioni ya Jumatano tarehe 1 Aprili, kwa hiyo Jumatatu yetu inaangukia katikati ya siku hizo. Sasa maswali yananijia kila upande. "Mwalimu, mtoto wangu atakula nini huko?" Mama mmoja ameshafuta majina ya watoto wake watatu kwenye orodha. Na upande wa pili nimesikia mzaha, ati tumepata Wayahudi wa Ukunda.

Mzaha ule haukunichekesha. Nikaona heri tulifungue Neno pamoja kabla sikukuu ya ukombozi haijatugawa vikundi viwili.

1. NENO LILIKATAZA NINI HASA?

Katika Kutoka 12:15 na 19 Mungu aliwaambia Israeli waondoe chachu nyumbani kwa siku saba, wala isionekane kwao. Sababu iko mstari wa 39: walitolewa Misri mbiombio, unga haukupata nafasi ya kuumuka. Mkate ule bapa ulikuwa kumbukumbu ya haraka ile. Kumbukumbu la Torati 16:3 huuhusisha pia na mateso yao.

Wayahudi wameishika sheria hii kwa uangalifu mkubwa. Wao huhesabu nafaka tano: ngano, shayiri na jamaa zake tatu. Unga wake ukiguswa na maji ukakaa zaidi ya dakika 18 bila kuokwa, kwao umeshaingia chachu. Kwa hesabu hiyo hata chapati zetu, ambazo donge lake tunalilaza nusu saa lilainike, hazingepita mbele ya rabi. Ndugu zetu hapa wameamua kufuata jambo jepesi zaidi: chochote kilichoumuliwa kwa hamira au poda ya kuumulia wanakiacha.

Haya, tuangalie meza ya Pwani. Mahamri yanatoka. Mkate wa duka unatoka. Mkate wa kumimina, mandazi, keki na maandazi ya kuuzwa njiani, vyote vinatoka. Vinabaki nini? Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe, chapati, mihogo ya kuchoma na ya kukaanga, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma, mayai, maembe, ndizi na madafu. Niambieni, kuna mtoto wa Kwale atakayelia njaa hapo? Tatizo letu si chakula.

Na mjue jambo moja zaidi. Wayahudi wenyewe hawakubaliani kuhusu wali. Wale ambao wazee wao walitoka Ulaya ya mashariki na ya kati walizoea kuacha mchele, mahindi na maharagwe siku za Pasaka. Wengi wa wale ambao wazee wao walitoka Hispania na nchi za Kiarabu wanakula wali bila wasiwasi. Wametofautiana hivyo kwa mamia ya miaka na bado ni watu wamoja. Basi sisi tutagawanyika kwa ajili ya mahamri?

2. HIKI KILIKUWA CHAKULA CHA SAFARI

Wengine wanadhani mtu akishika jambo kama hili lazima ajifungie nyumbani. Hebu soma Kutoka 12:11. Pasaka ya kwanza ililiwa watu wamefunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi. Usiku ule hawakutoka nje, lakini walikula kama watu wanaongoja gari kituoni. Mstari wa 34 unasema walibeba unga wao mabegani, umefungwa ndani ya nguo pamoja na vyombo vya kukandia. Mikate ya kwanza isiyochachwa baada ya kutoka Misri waliioka safarini, kule Sukothi. Kwa hiyo mtu anayebeba chapati zake kwenye kikapu na kuvuka nazo Likoni hafanyi jambo geni.

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Katika nchi ya Israeli, siku za katikati ya sikukuu ni siku za familia kutoka. Bustani, fukwe na viwanja vya michezo hujaa watu, na ndani ya mifuko yao mna mikate bapa, mayai ya kuchemsha na matunda. Mtoto anabembea na sikukuu yake haivunjiki. Tena hatuhitaji kwenda mbali. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 kwa Semei Kakungulu, aliyesoma Maandiko akaamua kuishika torati. Wakati wa Idi Amin walikatazwa ibada yao, wengi wakaiacha, na waliobaki wakaishika kwa siri. Kama watu waliweza kukumbuka Pasaka chini ya serikali iliyowakataza, mtoto wetu ataweza kuikumbuka karibu na bwawa la kuogelea.

Tazameni pia kusudi la chakula hiki. Kutoka 12:26 na 13:8 zinaeleza kwamba watoto watauliza, na mzazi atawajibu kwa kuwasimulia alivyotenda Bwana. Chakula kiliwekwa ili kizae swali. Ukimwacha mtoto nyumbani amenuna, anawaona wenzake wakipanda gari, atakachojifunza ni kwamba Mungu wa baba yake humnyima raha. Lakini akiwa ndani ya feri, maji huku na huku, akauliza, "Baba, kwa nini sisi tumebeba chapati?" hapo umepata mimbari nzuri kuliko hii yangu. Mwonyeshe maji. Mwambie habari za Bahari ya Shamu. Hatasahau.

3. JE, SISI TUNALAZIMIKA?

Hapa nitasema wazi, asibaki mtu na mashaka. Hatulazimiki. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 5:7-8 anatufundisha kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu, ameshatolewa. Chachu anayotutaka tuitupe ni ubaya na uovu, na mkate anaotutaka tuule ni weupe wa moyo na kweli. Wakolosai 2:16-17 inatukataza kuhukumiana kwa vyakula, vinywaji na sikukuu. Atakayekula andazi tarehe 6 Aprili hajamkosea Mungu. Na anayefundisha kwamba wokovu wa mwenzake unategemea hamira, huyo asome Wagalatia 5:9 aone Paulo aliwaita nini watu wa namna hiyo. Aliwaita chachu!

Lakini msishangilie mapema, ninyi wa mzaha. Warumi 14 inakata pande zote mbili. Mstari wa 3 unasema anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa kuwa Mungu amempokea. Mstari wa 20 unatuonya tusiibomoe kazi ya Mungu kwa ajili ya chakula. Aliyeacha mkate siku saba ameuacha kwa Bwana, naye anashukuru. Wewe unayekula, unakula kwa Bwana, nawe unashukuru. Dharau tu ndiyo haina nafasi.

Hebu tujipime kwa jambo tunalolijua. Mwaka 2022 na mwaka 2023 Pasaka yetu iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Sisi watu wa Ukunda tulifanyaje? Tunaishi na majirani Waislamu, wengi wetu tumepanga nyumba kwao, watoto wetu wanasoma dawati moja. Mtu mwenye adabu hakukaa ndani ya matatu akitafuna kuku mbele ya jirani aliyefunga. Hatukuambiwa na sheria ya serikali. Ni heshima ya ujirani tu. Sasa kama tunaweza kumheshimu hivyo jirani wa imani nyingine, itakuwaje tumcheke ndugu tunayeshiriki naye kikombe kimoja?

Kwangu mimi sijajiwekea sharti la mkate siku hizo. Mke wangu ndiye ameamua kuifanya na watoto. Basi juma lile mahamri hayatapikwa nyumbani kwetu, wala sitamtuma mtoto Kona ya Musa akaninunulie. Nitakula wanachokula. Si sheria iliyonifunga, ni kwamba meza ni moja.

4. MEZA MOJA NYALI

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Kinachonitia hofu Jumatatu ile ni mikeka miwili. Mkeka huu wa watakatifu wenye chapati, mkeka ule wa wenye mkate na soseji, na watoto katikati hawajui wakae wapi. Lilishawahi kutokea. Wagalatia 2:11-14 inatusimulia jinsi Petro, mtume mkubwa, kule Antiokia alivyokuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, kisha wageni fulani walipofika akajitenga na meza. Hakuhubiri uongo wowote. Alihamisha sahani yake tu. Paulo akamkemea mbele ya wote, kwa sababu sahani iliyohamishwa ilikuwa inahubiri injili nyingine.

Kwa hiyo nimezungumza na akina mama wa jikoni, na haya ndiyo tuliyokubaliana:

Kwanza, tutapika chakula kimoja cha watu wote: wali wa nazi, maharagwe, samaki, chapati, mihogo na matunda. Ndani yake hamna hamira hata chembe. Anayeshika ataweza kula kila kitu kilichopo. Asiyeshika hatapungukiwa kitu. Mtu akinunua andazi lake njiani, asiulizwe.

Pili, sehemu nyingi za michezo zina kanuni zao kuhusu chakula cha kutoka nje. Viongozi wa vijana wapige simu mapema. Tukiambiwa hairuhusiwi, tutakula kabla ya kuingia na baada ya kutoka, tukiwa mahali pamoja. Hatutaficha masufuria chini ya leso. Huwezi kuikumbuka Pasaka ya kweli kwa kumdanganya askari wa getini. Hiyo ndiyo chachu yenyewe, ile ya unafiki ambayo Bwana ameitaja katika Luka 12:1.

Tatu, asiachwe mtoto kwa kukosa nauli au kiingilio. Katika 1 Wakorintho 11:21 walikuwapo waliokuja na vyakula vyao wakashiba, na wengine wakabaki na njaa, palepale kanisani. Mwenye uwezo wa kulipia wawili alipe kimya kimya kwa mweka hazina. Jina la aliyelipiwa lisitajwe.

Nne, watoto wahesabiwe. Wahesabiwe Ukunda, wahesabiwe kwenye feri kwenda na kurudi, wahesabiwe kila saa wakiwa majini. Luka 2:41-46 inatukumbusha kwamba Yusufu na Mariamu walikuwa wakirudi kutoka sikukuu ya Pasaka walipokwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Na huyo alikuwa Yesu. Wako wewe atapotea upesi zaidi. Kila mtu mzima atakuwa na watoto wake wa kuwaangalia, na mtu asiyejua kuogelea asipewe kulinda bwawa.

Tano, waliofuta majina wanaombwa wayarudishe kabla ya Jumatano. Nafasi zao hazijapewa mtu.

Wapendwa, mtu anaweza kufagia nyumba nzima asibakize chembe ya hamira, na moyoni akawa na donge la miaka miwili juu ya ndugu yake, limeumuka mpaka limefunika sufuria. Mwingine anaweza kujisifia uhuru wake wa kula kila kitu, na uhuru huo ukawa kiburi kitupu. Juma hili, kabla hujakagua kabati la jikoni, kagua hilo donge. Kama kuna mtu humsalimii pale mlangoni, nenda kwake kabla ya Ijumaa Kuu. Umwambie tu, "Ndugu yangu, Jumatatu tutakula pamoja."

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Kutoka 12:34-39. Kwa nini Mungu alitaka haraka ile ikumbukwe kwa chakula?
2. Katika Warumi 14:3 wewe uko upande upi: wa kudharau au wa kuhukumu? Toa mfano wa juma hili.
3. Petro alikosea nini Antiokia, hali hakusema neno? Sisi tunahamisha sahani zetu wapi?
4. Mtoto wako akikuuliza maana ya Pasaka, utamjibuje kwa maneno yako mwenyewe?

MAOMBI: Tuombee safari ya watoto, madereva, feri, na umoja wa kanisa. Tuwaombee pia majirani zetu wa Ukunda na Diani, watuone tukipendana.

Fungu la kukariri: Warumi 14:19.