INSPEKTA DERRICK NA HUKUMU YA WATAZAMAJI

Wahenga walisema kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Lakini penye watazamaji wengi wa televisheni, maneno huwa mengi hata mtu asijue ashike lipi aache lipi. Katika makala haya ningependa tujifunze jinsi ya kupima maoni ya watazamaji. Mfano wetu ni mchezo wa upelelezi ambao wazazi wetu hapa Kachibora hawajausahau hadi leo, yaani Derrick.

Kwanza, tuujue mchezo wenyewe. Derrick ulitengenezwa Ujerumani na kuonyeshwa na kituo cha ZDF kuanzia mwaka wa 1974 hadi 1998. Ulikuwa na vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Mandhari yake ni jiji la Munich. Mhusika mkuu ni Inspekta Stephan Derrick, aliyeigizwa na Horst Tappert, na msaidizi wake ni Harry Klein, aliyeigizwa na Fritz Wepper. Mchezo huu uliuzwa katika nchi zaidi ya 100. Hapa Kenya ulionyeshwa na KBC, sauti za Kiingereza zikiwa zimebandikwa juu ya midomo ya Kijerumani.

Siku hizo stima haikuwa imefika kwetu. Babu alikuwa ameuza mahindi akanunua televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Betri ya gari ilibebwa kwa baiskeli hadi madukani ikachajiwe. Majirani walijaa sebuleni, watoto wakakaa chini, na mtu akikohoa aliambiwa atoke nje! Baba yangu mdogo alipozaliwa, babu alimpa jina Derrick. Kwa hivyo jambo hili kwetu si la mchezo tu, ni la ukoo.

Sasa tuje kwenye somo. Maoni ni yale mtu anayoyahisi. Hoja ni maoni yaliyo na sababu, na sababu hiyo inaweza kuonyeshwa katika mchezo wenyewe. Niliwauliza watu wa nyumbani kwetu maswali, na haya ndiyo waliyonijibu.

Maoni ya kwanza ni ya babu. Yeye anasema Derrick alikuwa askari kanzu wa kweli kwa sababu hakuwa mtu wa kelele wala kofi. Alikuja na koti lake, akaketi, akauliza swali moja, halafu akanyamaza mpaka mkosaji akajikwaa kwa ulimi wake mwenyewe. Hii ni hoja, kwa kuwa mazungumzo ndiyo uti wa mgongo wa mchezo huu. Tena katika vipindi vya mwanzo mtazamaji alionyeshwa muuaji mapema. Taharuki haikutokana na swali "ni nani?" bali "atanaswa vipi?" Babu huongeza kuwa kijijini mtu akiitiwa mwizi, watu huokota mawe kabla ya kuuliza alichoiba. Kwake yeye, Derrick alikuwa somo la kuuliza kwanza.

Maoni ya pili ni ya nyanya. Anasema mchezo ulichosha. Watu wanaingia, wanakaa, wanaongea, wanatoka! Hata hivyo, nilipomdadisi alikiri kwamba hakukosa kuutazama. Kiingereza hakukifahamu vizuri, basi yeye alitazama nyuso. Alimjua mkosaji kwa jinsi alivyoshika glasi au kukwepa macho. Hapa tunajifunza kuwa maoni mawili yanaweza kupingana na yote yakawa ya kweli. Ukimya uliomvutia babu ndio uliomchosha nyanya.

Maoni ya tatu ni ya mama. Alipokuwa msichana alidhani Ulaya hakuna shida. Derrick ulimwonyesha majumba makubwa, magari ya fahari, na ndani yake wivu, tamaa na mauaji. Alitambua kuwa kikulacho ki nguoni mwako, hata Munich. Hiyo ni hoja ya maudhui.

Tahadhari moja: kumbukumbu ya mtazamaji nayo si shahidi wa kuaminiwa sana. Wajerumani wengi hukariri sentensi ya Derrick akimwagiza Harry alete gari, na imekuwa kama methali kwao. Kumbe kwa maneno hayo hayo haikusemwa katika mchezo wote! Kwa hivyo mtu akikwambia "nilisikia kwa masikio yangu", muulize kwa upole kama anakumbuka au anarudia ya wengine.

Hebu sasa tutazame jambo zito. Horst Tappert alifariki mwaka wa 2008 akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka wa 2013 ilifichuliwa kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa kijana, alikuwa katika jeshi la SS la Wanazi. Alipokuwa hai alizungumza machache kuhusu vita, akisema alikuwa askari wa utabibu. Baada ya habari hizo, ZDF ilitangaza kuwa haitarudia tena vipindi vya Derrick. Mtu aliyefichua siri za wengine kwenye kioo kwa miaka 24, kumbe naye alikuwa na yake. Mganga hajigangi.

Nilipomsomea babu habari hii, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Sasa yule niliyempenda alikuwa nani?" Baba mdogo alicheka akasema jina ni lake sasa, yeye hakupigana vita vyovyote. Lakini babu hakucheka.

Nimefikiri sana juu ya swali lile. Mwalimu hutufundisha kwamba mhusika si mwigizaji. Derrick ni kiumbe wa kalamu, na upole aliomfunza babu ulikuwa upole wa kweli kwa sababu babu aliutumia. Jirani aliyeshikwa na kuku wa wenyewe alipelekwa kwa chifu akiwa mzima, kwa kuwa babu alisimama mbele ya mawe. Jambo hilo haliwezi kufutwa. Lakini vilevile si haki kusema "hayo ni ya zamani" na kufunika kombe mwanaharamu apite. Watu waliouawa na Wanazi walikuwa na wajukuu kama mimi. Naona ZDF haikukosea, na babu pia hakukosea kupenda alichopenda akiwa hajui. Kosa lingekuwa kujua na kujifanya hatujui.

ZOEZI
1. Chagua mchezo mmoja wa televisheni. Waulize watu watatu wa umri tofauti maoni yao, kisha utenganishe maoni na hoja.
2. "Mhusika si mwigizaji." Jadili.
3. Je, kituo cha televisheni kikiacha kuonyesha mchezo, kinaficha historia au kinaiheshimu? Toa sababu.