Nomino Dhahania: Asili na Maana ya "Freedom" na "Uhuru"

Nomino dhahania hutaja jambo lisiloonekana wala kushikika. Mwanafunzi akiuliza maana yake, mwalimu hana kitu cha kumwonyesha kwa kidole. Hana budi kuchunguza muundo wa neno, asili yake na matumizi yake. Tuchukue neno la Kiingereza "freedom", ambalo kwa Kiswahili ni "uhuru".

1. Muundo
"Freedom" lina sehemu mbili: "free", yaani huru, na kiambishi tamati "-dom", kinachoonyesha hali. Katika Kiingereza cha kale "dom" lilikuwa neno kamili lenye maana ya hukumu au sheria. Kiswahili hutumia kiambishi awali: u- + huru = uhuru.

2. Asili
"Free" lina asili moja na "friend", yaani rafiki. Mzizi wake wa kale ulimaanisha kupenda. Aliyekuwa huru alihesabiwa miongoni mwa wapendwa wa ukoo, mtumwa hakuhesabiwa. "Huru" nalo limetokana na neno la Kiarabu "hurr", mtu asiye mtumwa. "Mtumwa" ni neno la Kibantu: m-tum-w-a, mtu anayetumwa. Hivyo, katika lugha zote mbili, dhana hii ilizaliwa pale ambapo wengine walinyimwa hali hiyo.

3. Matumizi
Asili pekee haitoshi kutupa maana. "Uungwana" nao uliwahi kumaanisha hali ya kutokuwa mtumwa, na kutokana na waungwana hao Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana. Leo uungwana ni adabu njema. Anayefasiri "freedom" kuwa "uungwana" hupotosha. "Uhuru" ulipanuka kutoka hali ya mtu hadi hali ya taifa: Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Rwanda, Burundi na Uganda mwaka 1962.

Zingatia
"Uhuru" umo katika ngeli ya U- na hauna wingi: Uhuru wetu umelindwa. Kivumishi "huru" hakichukui kiambishi cha upatanisho: mtu huru, watu huru, nchi huru.

Zoezi
(a) Changanua mofimu za neno "utumwa".
(b) Sahihisha: Watu wahuru wanalinda mahuru yao.
(c) Taja neno la lugha yako ya kwanza lenye maana ya "uhuru". Je, asili yake inahusiana na utumwa, upendo, au jambo jingine?